Packard: Jina Lililouzwa Rejareja

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hakuna mtu wa pwani asiyeijua, na aghalabu twaitumia sokoni tumwonapo mchuuzi anayepiga kelele kupita kiasi juu ya bidhaa yake. Huko Marekani ilikuwako kampuni ya motokaa iliyofanya biashara kwa maana ya methali hiyo hiyo, ingawa haikupata kuisikia. Ilipoishika ilipanda nayo hadi kileleni, na ilipoiachilia iliporomoka mpaka ikafutika.

Kampuni hiyo iliitwa Packard. Vijana wa leo wakiulizwa gari la kifahari la Kimarekani watataja Cadillac, na wachache watataja Lincoln. Packard hawaijui, wala si kosa lao, kwani gari la mwisho lenye jina hilo lilitoka kiwandani mwaka 1958. Hata hivyo ilikuwako miaka ambapo Cadillac ndiyo iliyoinua shingo kuitazama Packard. Yasimuliwa kwamba mteja mmoja aliandika barua akitaka kuelezwa ubora wa magari hayo. Mwenye kampuni hakutaka kumjibu kwa sifa nyingi. Alimwambia karani wake amwandikie tu: "Muulize mtu aliye nalo." Kuanzia mwaka 1901 maneno hayo yakawa ndiyo tangazo la Packard, likadumu kwa miaka 50 na zaidi.

Mimi kazi yangu ni maneno, ya gazetini na ya ushairi, wala si fundi wa magari. Kisa hiki kimenishika kwa sababu ndani yake mna swali lisilohusu magari peke yake: jina jema lina thamani gani, na mwenye kulipata afanye nalo nini siku njaa inapobisha mlango?

FUNDI ALIYEKEJELIWA

James Ward Packard alizaliwa mwaka 1863 katika mji wa Warren, jimbo la Ohio. Alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Lehigh, na mwaka 1890 yeye na kaka yake, William Doud Packard, wakaanzisha kampuni ya vifaa vya umeme mjini kwao. Walikuwa watu wa kujiweza na wa mikono mizuri.

Mwaka 1898 James alinunua motokaa kwa Alexander Winton, mtengenezaji aliyesifika katika mji wa Cleveland. Gari lile lilimsumbua tangu safari ya kurudi nalo nyumbani. Naye kwa kuwa alikuwa fundi, hakulalamika tu bali alimwendea Winton akamweleza kasoro alizoziona na namna ya kuzirekebisha. Inasemekana Winton alichukizwa, akamwambia kwamba kama anajiona anajua sana, basi na aende akatengeneze lake.

Kejeli ile ilimgharimu Winton. Packard aliwachukua watu wawili waliokuwa wakifanya kazi kwake, na tarehe 6 Novemba 1899 gari la kwanza la Packard, lenye injini ya silinda moja, likatembea katika barabara za Warren. Halikuwa gari la ajabu kwa umbo, lakini lilikuwa gari la kuaminika, na siku hizo uaminifu ulikuwa adimu kuliko kasi.

Akatokea tajiri mmoja wa Detroit, Henry B. Joy. Wakati huo kuwasha motokaa kulikuwa ni jasho. Mtu alizungusha mpini wa chuma mbele ya injini, akapumua, akazungusha tena, na mpini ukirudi nyuma kwa nguvu waweza kumvunja mkono. Husimuliwa kwamba Joy alikuwa New York akaona Packard mbili zikiwashwa mara moja na kuondoka mbio kufuata gari la zimamoto. Akanunua moja papo hapo. Kisha hakutosheka na gari, akataka na kampuni yenyewe. Aliwaleta matajiri wenzake wakatia mtaji, mwaka 1902 kampuni ikapewa jina la Packard Motor Car Company, na mwaka 1903 ikahamia Detroit.

Mwaka huo huo wa 1903 palitokea mashindano ambayo Winton hangeyapenda. Gari la Winton lilikuwa la kwanza kuivuka Marekani yote kutoka San Francisco hadi New York, na lilichukua siku 63. Packard, ikiendeshwa na Tom Fetch, iliondoka San Francisco tarehe 20 Juni ikawasili New York tarehe 21 Agosti, baada ya siku zipatazo 61. Ilikuwa ni Packard ya silinda moja, katika nchi ambayo sehemu kubwa ya magharibi haikuwa na barabara ya kutajwa. Mwanafunzi alikuwa amekwisha kumfikia mwalimu.

SIKU ZA JAHA

Katika mji wa Detroit, kando ya barabara ya East Grand Boulevard, mchoraji wa majumba Albert Kahn aliichorea Packard kiwanda kipya. Jengo lake namba 10, la mwaka 1905, lilijengwa kwa zege iliyotiwa vyuma badala ya mbao na matofali. Kwa hivyo liliweza kuwa na madirisha mapana, na mafundi wakafanya kazi katika mwanga wa jua. Kiwanda kiliendelea kukua mpaka kikafikia futi za mraba zipatazo milioni 3.5, na urefu wake ukapita kilomita moja.

Magari yaliyotoka humo yalikuwa na alama zisizobadilika. Rejeta ya mbele ilikuwa na mabega mfano wa nira ya ng'ombe, na katikati ya kila gurudumu palikuwa na umbo jekundu la pembe sita. Mtu hakuhitaji kusoma jina. Aliona mabega yale yakija kwa mbali akajua ni nani anayepita, au angalau akajua ana pesa kiasi gani.

Mwaka 1915 fundi mkuu Jesse Vincent alitoa gari lililoitwa Twin Six, lenye injini ya silinda 12. Lilikuwa gari la kwanza la aina hiyo kutengenezwa kwa wingi na kuuzwa kwa watu. Tarehe 4 Machi 1921, Warren G. Harding alipokwenda kuapishwa kuwa rais wa Marekani, alikwenda kwa Twin Six, na kabla yake hapakuwa na rais aliyekwenda katika sherehe hiyo kwa motokaa. Wengi wao walikwenda kwa magari ya farasi. Hata Enzo Ferrari, Mwitaliano ambaye magari yake ya silinda 12 yameushangaza ulimwengu, alikiri kwamba injini hizo za Packard zilimvutia tangu ujana wake.

James Packard mwenyewe alikuwa amekwisha kuiachia kampuni mikononi mwa wengine, lakini mapenzi yake ya kazi safi hayakumtoka. Alikuwa mkusanyaji mashuhuri wa saa. Mwaka 1927 kampuni ya Patek Philippe ya Uswisi ilimletea saa ya mfukoni iliyokuwa na ramani ya nyota, na nyota zenyewe zilipangwa kama zionekanavyo katika anga ya Warren, mji wake wa kuzaliwa. Alifariki mwaka uliofuata, 1928. Mwaka huo kampuni iliuza takriban magari 50,000, nayo ndiyo iliyoongoza miongoni mwa magari ya kifahari ya Marekani. Aliondoka ulimwenguni jina lake likiwa juu kabisa, na pengine hiyo ilikuwa bahati yake ya mwisho.

NJAA ILIPOBISHA MLANGO

Oktoba 1929 soko la hisa la New York lilianguka, na uchumi wa Marekani ukaanguka nalo. Mabenki yalifungwa, watu wakasimama foleni kungojea mkate wa bure. Katika hali hiyo ni nani atakayenunua gari la dola 3,000? Hata waliobaki na fedha waliona haya kupita mbele ya wenye njaa ndani ya gari refu linalong'ara.

Makampuni ya fahari yakafa moja baada ya jingine. Zamani Wamarekani walizitaja kwa pamoja Packard, Peerless na Pierce-Arrow kama mtu atajavyo majina ya wafalme. Peerless iliacha kutengeneza magari mwaka 1931. Pierce-Arrow ilifilisika mwaka 1938. Duesenberg, ambayo magari yake yalikuwa ya wacheza sinema na wana wa wafalme, ilikwisha mwaka 1937.

Alvan Macauley, aliyekuwa akiongoza Packard tangu mwaka 1916, alijua kwamba akikaa na kungojea matajiri warudi, kiwanda kitafungwa kabla hawajarudi. Akaajiri watu waliojifunza kazi ya kutengeneza magari kwa wingi huko General Motors, akiwamo George Christopher. Mwaka 1935 wakatoa gari jipya la bei nafuu, One-Twenty, lililoanzia dola 980. Lilikuwa na mabega yale yale ya nira, lilikuwa na pembe sita nyekundu ile ile katika magurudumu, na juu ya yote lilikuwa na jina lile lile.

Watu wakalimiminikia. Katika mwaka wa kwanza ziliuzwa One-Twenty zipatazo 25,000, na mwaka 1937, baada ya kuongezwa gari jingine la silinda 6 lililokuwa rahisi zaidi, Packard ilitengeneza zaidi ya magari 100,000. Karani, mwalimu, daktari wa mji mdogo, kila mmoja wao aliyekuwa akiitamani Packard kwa macho sasa aliweza kuiegesha mlangoni kwake. Na lilikuwa gari zuri, wala hakuna aliyedanganywa. Kampuni ikaokoka.

Wapo waandishi wasemao kwamba hapo ndipo Packard ilipojichimbia kaburi. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Mgala muue na haki yake umpe. Bila ya One-Twenty, Packard ingelala kaburi moja na Pierce-Arrow. Kutengeneza gari la bei nafuu hakukuwa kosa, kwani mwenye njaa hachagui. Kosa lilikuwa katika jina walilolipa gari hilo.

Watazame jirani zao Cadillac. Wao walikuwa ndani ya General Motors, kampuni iliyopanga magari yake kama ngazi, kuanzia Chevrolet chini hadi Cadillac juu. Mwaka 1927 walipotaka kuuza gari la bei ya chini kidogo, hawakuliita Cadillac. Waliliita LaSalle. LaSalle iliuzwa katika maduka yale yale, na mafundi wa Cadillac ndio walioitengeneza, lakini ilibeba jina lake yenyewe. Mwaka 1940 ilipositishwa ilikwenda na jina lake, na jina la Cadillac likabaki pale pale juu. Packard haikuwa na ngazi. Ilikuwa na jina moja tu, nayo ikalitandaza kuanzia kwa tajiri mkubwa hadi kwa karani. Tajiri akitoka klabuni na Packard yake ya silinda 12, anamkuta karani wake barabarani na Packard yake ya silinda 6. Karani alifurahi, na tajiri siku ya pili akaenda kutazama Cadillac.

INJINI ZA VITA

Usidhani, msomaji, kwamba mafundi wa Packard walikuwa wamepoteza ufundi wao. Katika magari ya mwaka 1940 waliwatangulia wenzao wote kwa kuuza gari lenye mashine ya kupoza hewa iliyofungwa kiwandani, jambo ambalo sisi tulio katika nchi ya joto twaelewa thamani yake. Kisha vikaja vita.

Mwaka 1940 Uingereza ilikuwa ikipigwa mabomu usiku na mchana, na ilihitaji injini za ndege za Merlin zilizobuniwa na Rolls-Royce kuliko ilivyoweza kutengeneza yenyewe. Henry Ford aliombwa, akakataa kuitengenezea Uingereza. Packard ikakubali. Wahandisi wake walizichora upya michoro ya Rolls-Royce ili injini ziweze kutengenezwa kwa wingi kwa mitambo ya Kimarekani, na kufikia mwisho wa vita walikuwa wametengeneza Merlin 55,523. Injini hizo zilitiwa katika ndege za kivita za Mustang, katika Mosquito na katika baadhi ya Lancaster zilizobeba mabomu. Rolls-Royce, kampuni isiyompa mtu sifa kirahisi, ilimkabidhi Packard moyo wa ndege zake. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Lakini ndani ya kiwanda hicho hicho pana ukurasa mweusi ambao hatuwezi kuuruka. Tarehe 3 Juni 1943, wafanyakazi weusi watatu walipandishwa cheo kwenda kufanya kazi bega kwa bega na weupe. Wafanyakazi weupe wapatao 25,000 wakaziacha mashine na kutoka nje. Nchi ilikuwa vitani ikisema inapigania uhuru wa wanadamu, na hawa waliona afadhali injini zisimame kuliko kusimama karibu na Mwamerika mweusi. Chama cha wafanyakazi chenyewe kiliupinga mgomo huo, na baada ya siku chache wakarudi kazini. Mwezi huo huo ghasia za rangi zililipuka katika mji wa Detroit na kuwaua watu 34. Nimekitaja kisa hiki kwa sababu fahari ya jina hutusahaulisha mikono iliyolijenga, na miongoni mwa mikono hiyo imo iliyonyimwa hata nafasi ya kusimama mahali pake.

KILEMBA KIKAHAMA KICHWA

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Packard ilikuwa na fedha na haikuwa na deni. Watu walikuwa wamekaa miaka minne bila magari mapya na walikuwa tayari kununua chochote chenye magurudumu. Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kurudi juu. Njaa ilikuwa imekwisha, na kampuni ingeweza kuyaacha magari ya bei nafuu, au kuyapa jina jingine, kisha ikarudi kwenye kazi yake ya asili.

Haikufanya hivyo. Aliyeonja asali haonji mara moja, na Christopher, ambaye sasa ndiye aliyekuwa rais wa kampuni, alikuwa mtu wa kuhesabu wingi. Packard ikaendelea kuuza magari ya bei ya kati, ikauza hata teksi. Magari ya mwaka 1948 yalipakwa unene juu ya umbo la zamani mpaka watu wakayabandika jina la "tembo mwenye mimba". Kumbe Cadillac mwaka huo huo ilitoka na mikia kama ya ndege, na mwaka 1949 ikatoa injini mpya ya V8, nyepesi na yenye nguvu. Packard haikupata V8 yake mpaka mwaka 1955. Katika biashara ya fahari miaka sita ni umri mzima.

Hesabu zasema wazi. Mwaka 1949 Packard ilitengeneza magari zaidi ya 100,000, na wakubwa wakafurahi. Lakini mengi kati ya hayo yalikuwa ya bei ya kati, na mwaka 1950 uzalishaji ulianguka ukawa chini ya magari 45,000. Mwaka huo huo wa 1950 Cadillac ilivuka magari 100,000 kwa mara ya kwanza, na yote yalikuwa ya bei ya juu. Tajiri wa Marekani alikuwa amekwisha kuchagua. Kilemba kilikuwa kimehama kichwa.

Mwaka 1952 aliletwa rais mpya, James Nance, aliyetoka katika biashara ya majiko na mafriji. Yeye aliuona ugonjwa. Alisema magari ya bei nafuu yatengwe yawe na jina lao, Clipper, na jina la Packard libaki kwa magari makubwa peke yake. Yaani alitaka kufanya kile Cadillac ilichokifanya mwaka 1927. Ilipofika mwaka 1956 Clipper ikatangazwa kuwa gari mbali. Wauzaji wakapiga kelele kwamba bila ya neno Packard gari halinunuliki, na kabla ya mwaka kwisha neno hilo likabandikwa tena. Dawa ilikuwa sahihi, lakini ilikuja mgonjwa akiwa hawezi tena kumeza.

NAZI MBOVU

Maafa mengine mawili yakafuatana. La kwanza ni kwamba tangu mwanzo wa miaka ya 1940 Packard haikuwa ikitengeneza bodi za magari yake yenyewe, bali ilizinunua kwa kampuni ya Briggs. Mwisho wa mwaka 1953 Briggs ilinunuliwa na Chrysler, mshindani wake. Ghafla Packard ikajikuta haina wa kuitengenezea bodi. Ikabidi ikodi kiwanda kidogo cha Conner Avenue, kuhamishia huko kazi ya kuunga magari, na kukiacha kile kiwanda kikubwa cha Kahn. Magari ya mwaka 1955 yalikuwa na mambo mapya ya kusifika, hasa yale mataruma marefu ya chuma yaliyokaa mahali pa springi, yakisaidiwa na mota ya umeme ili gari likae sawa hata likipakiwa mzigo. Lakini yaliungwa kwa haraka katika nafasi finyu, na yakatoka na kasoro. Wateja wakarudi na malalamiko. Sasa ukimuuliza mtu aliye nalo, anakwambia ukweli.

La pili lilikuwa kubwa zaidi. Oktoba 1954 Packard iliinunua Studebaker, kampuni ya South Bend, jimbo la Indiana, iliyoanza kwa kutengeneza magari ya farasi tangu mwaka 1852. Nia ilikuwa kuungana ili wadogo wapate nguvu ya kushindana na General Motors, Ford na Chrysler. Kwa nia hiyo sina neno. Lakini vitabu vya hesabu havikuchunguzwa ipasavyo kabla ya mkono kutiwa. Baada ya harusi ndipo ilipojulikana kwamba Studebaker ilihitaji kuuza magari mengi mno kuliko ilivyokuwa ikiuza ili irudishe gharama zake tu, sembuse kupata faida. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wakasema pia kwamba nazi mbovu harabu ya nzima.

Mwaka 1956 makampuni ya bima yaliyoombwa mkopo wa kutengeneza magari mapya yalikataa. Tarehe 25 Juni 1956 Packard ya mwisho ya Detroit ikatoka katika kiwanda cha Conner Avenue. Maelfu ya wafanyakazi wakarudi majumbani, na wengi wao walikuwa watu wa makamo waliofanya kazi hapo tangu ujana na wasiojua kazi nyingine.

Afadhali kampuni ingekufa siku hiyo kwa heshima. Badala yake, mwaka 1957 na 1958 ziliuzwa Studebaker zilizopambwa kidogo na kubandikwa jina la Packard. Wamarekani, kwa ulimi wao mkali, walizipa jina la mchanganyiko, "Packardbaker". Julai 1958 nazo zikakoma. Mwaka 1962 kampuni ililifuta neno Packard katika jina lake, na Studebaker yenyewe ikaacha kutengeneza magari mwaka 1966.

BEI YA UKUTA NA BEI YA KIWANDA

Kiwanda kile cha East Grand Boulevard kilibaki kimesimama. Kwa miaka mingi wafanyabiashara wadogo walikodi vyumba humo, na wa mwisho aliondoka mwaka 2010. Wezi wa vyuma wakaingia, moto ukazuka mara kwa mara, miti ikaota juu ya sakafu zilizokuwa zikiungiwa injini. Wapiga picha walikuja kutoka pande zote za dunia kulipiga picha gofu hilo kama ushahidi wa kuanguka kwa Detroit.

Lipo jambo moja ambalo nilipolisoma nilicheka, kisha nikaona si la kuchekwa. Mwaka 2010 mchoraji wa Kiingereza ajulikanaye kwa jina la Banksy alichora picha kwenye ukuta mmoja wa gofu hilo. Watu wakaukata ukuta ule wakauchukua, na mwaka 2015 ukauzwa kwa dola 137,500. Miaka miwili kabla ya hapo, 2013, kiwanda kizima na ardhi yake kiliuzwa mnadani kwa sababu ya kodi ambazo hazikulipwa, na kilikwenda kwa dola 405,000. Yaani kuta tatu za namna ile zingetosha kukinunua kiwanda kilichotengeneza Merlin 55,523. Aliyekinunua hakuweza kukifufua. Mahakama iliamuru kibomolewe, kazi ikaanza mwaka 2022, na mwishoni mwa mwaka 2024 ikamalizika, zikibakizwa sehemu chache za kumbukumbu.

Magari yenyewe hayakufa. Mjini Warren, alikozaliwa James Packard, ipo makumbusho ya taifa ya magari hayo, na nyingine ipo katika mji wa Dayton katika jimbo hilo hilo la Ohio. Zile Packard kubwa za miaka ya 1930 zinatafutwa na matajiri na kununuliwa kwa bei ambazo Macauley hangeziamini. Si ajabu. Zilitengenezwa vizuri, na kitu kilichotengenezwa vizuri hupata wa kukihifadhi hata mwenyewe akiwa hayupo.

Basi tuwahukumu vipi watu wa Packard? Hawakuwa wavivu wala matapeli. Walitengeneza gari la bei nafuu kuokoa kiwanda na kazi za watu, na katika hilo walifanya la haki. Lakini jina lao walilichukulia kama kisima kisichokauka. Walichota siku ya kiu, na hiyo ilikuwa halali yao. Kisha wakaendelea kuchota siku ya mvua, wala hawakukumbuka kuruhusu maji yajae tena. Cadillac haikuwa na mafundi bora kuliko wao, bali ilikuwa na mfuko mkubwa wa General Motors nyuma yake, na ilijua kwamba jina ni kitu cha kulindwa kwa wivu. Na mwenye mfuko mdogo ndiye anayepaswa kulilinda zaidi, kwa sababu hana kingine.

Nami nimefumbata maneno yangu katika ubeti mmoja:

Jina jema ni amana, lihifadhi kwa makini,
Ukilitoa bayana, kila pembe ya sokoni,
Utalivuna mchana, usiku ulitamani,
Muulize mwenye jina, aliyebaki gofuni.